Breki, Risiti na Amri ya Saba

Kila mwaka vijana wa kipaimara wanapofika kwenye Amri ya Saba, huwauliza swali moja: mwizi anaonekanaje? Hujibu haraka. Mwizi huja usiku, huvunja dirisha, huiba kuku, hukwapua simu stendi. Kisha tunafungua Katekisimo Ndogo, nao wanashangaa kuona kwamba Luther, alipoiandika mwaka 1529, hakuishia kwa mvunja dirisha. Alimtaja pia mtu anayepata mali ya jirani yake kwa kumuuzia kitu kibovu au kwa biashara ya hila. Nimelifundisha somo hilo kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Sikudhani kwamba siku moja ningejifunza upya nikiwa nimesimama mbele ya kaunta ya duka la spea.

Usharika wetu uko katika milima ya Usambara. Gari la usharika ni Land Cruiser ya siku nyingi. Linanipeleka mitaani kwa Chakula cha Bwana, linabeba vyombo vya kwaya na mahindi ya mavuno, na mara nyingi usiku linabeba mgonjwa. Mwaka juzi breki zilianza kulia. Fundi wetu akaandika orodha: pedi za mbele, breki shuu za nyuma na boljointi mbili. Baraza la wazee likapitisha fedha. Sehemu ilitoka kwenye sadaka ya mavuno, na sehemu ilichangwa na akina mama waliouza maharage yao ili gari la kanisa lisimame salama.

Nilikuwa na mkutano Dar es Salaam, kwa hiyo nikaenda kununua Kariakoo. Mwenye duka alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mchangamfu. Nilimweleza wazi kwamba gari linashuka milima mikali na kwamba nataka spea za kuaminika. "Baba Mchungaji, hizi ni orijino," akasema, akanionyesha maboksi yenye alama zinazong'aa. Akapiga hesabu. "Kwa risiti ni 495,000. Bila risiti nakufanyia 420,000." Nikamwambia afanye bila risiti. Akanipa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu, bila jina la duka. Nikarudi nyumbani nikijisifu kwamba nimeokoa 75,000 za usharika.

Wiki ya tatu baada ya spea kufungwa, nilikuwa nashuka kutoka Soni kwenda Mombo. Nilikuwa nimempakia mzee mmoja wa kanisa na mkewe, waliokuwa wanakwenda kupanda basi. Wanaoijua barabara ile wanajua kona zake, na wanajua kwamba upande mmoja ni mlima na upande mwingine ni bonde. Baada ya kona kama tatu nilisikia chuma kikisaga chuma. Nilipokanyaga breki, pedeli ilizama chini. Nikarudisha gia hadi namba moja, nikavuta hendibreki, nikaliegemeza gari upande wa mlima mpaka likaingia mtaroni na kusimama. Mama yule aligonga paji la uso kwenye dashibodi. Alishonwa nyuzi tatu. Sisi wengine hatukuumia. Tulikaa kimya ndani ya gari kwa dakika kadhaa, kisha mzee akaanza kuomba kwa Kisambaa, nami nikashindwa hata kusema amina.

Fundi alipofungua gurudumu alinionyesha pedi moja. Ile sehemu inayosugua ilikuwa imebanduka kutoka kwenye bati lake kama gamba la mti mkavu. "Mchungaji, umeuziwa feki," akasema. Kisha akanionyesha boksi. Jina la kampuni lilikuwa na herufi moja isiyo yake. Nilikuwa nimelishika boksi lile mikononi na sikuiona.

Usiku ule niliandika ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wachungaji wenzangu. Niliweka namba ya simu ya yule kijana, nikaeleza mahali duka lilipo, nikamwita muuaji. Kabla sijautuma, mke wangu aliusoma. Hakunikataza. Aliniuliza tu, "Umeshazungumza naye?"

Nilikuwa sijazungumza naye. Mimi ambaye kila mwezi huwapatanisha washarika waliogombania mpaka wa shamba, ambaye huwauliza wote wawili kama wamefuata Mathayo 18, nilikuwa tayari kuanza na hatua ya mwisho. Bwana Yesu anasema tuanze kwa kumwendea mtu peke yake. Ni kweli kwamba maneno yale yanahusu ndugu ndani ya kanisa, na kijana yule sikujua anasali wapi. Lakini Amri ya Nane haina mpaka wa usharika. Luther anatutaka tumtetee jirani na kulichukulia neno lake kwa upande ulio mwema kadiri inavyowezekana. Nilijuaje kwamba alijua? Huenda naye aliuziwa. Nikaufuta ujumbe.

Siku zilizofuata nilipata ushauri wa aina nyingine. Washarika wengi waliniambia, "Mchungaji, samehe tu, mwachie Mungu. Mtumishi hagombani na mfanyabiashara." Hata yule mzee aliyekuwa ndani ya gari alisema hivyo, mkewe akiwa bado na bandeji usoni. Maneno hayo yalinigusa, na nakiri yalinivutia, kwa sababu safari ya kurudi Kariakoo ingenichosha na kunitia aibu. Kusamehe kungekuwa rahisi zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na mashaka. Nilikaa ofisini nikajiuliza: nitasamehe kitu gani hasa, na cha nani? Hasira yangu naweza kuiweka chini ya msalaba. Kejeli nilizotaka kumrushia naweza kuziacha. Lakini zile 420,000 hazikuwa zangu. Zilikuwa maharage ya akina mama. Nikizisamehe, nitakuwa mkarimu kwa mkono wa mtu mwingine. Na zaidi ya fedha, kulikuwa na maboksi mengine kama lile kwenye rafu. Mtu fulani atayanunua kesho, afunge kwenye daladala au kwenye gari la shule. Mimi sina mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya abiria ambaye bado hajapanda.

Katika kanisa letu tumezoea kuita ukimya upole, hata pale ambapo ni woga. Nilikuwa karibu kufanya vivyo hivyo.

Msharika mmoja ambaye ni mwanasheria alinieleza kwamba sina sababu ya kwenda kama ombaomba. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inalinda mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara kazi ya kitu anachokitaka, akapewa kisichofaa kazi hiyo. Tume ya Ushindani ina jukumu la kupambana na bidhaa bandia, na madai ya fedha kama zile yanaweza kupelekwa mahakamani. Kisha akaniuliza, "Risiti ya EFD unayo?" Nikamwonyesha kikaratasi. Akakitazama, akanirudishia bila kusema neno.

Nilipiga simu kwanza. Kijana alinijibu kwa heshima mpaka nilipotaja kurudishiwa fedha. "Baba Mchungaji, spea ikishafungwa hairudi. Hata ukutani nimeandika." Simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupokelewa.

Basi nikamchukua fundi, tukapanda basi la alfajiri kutoka Lushoto. Ilikuwa hatua ya pili ya Mathayo 18: chukua mtu mmoja au wawili. Nilivaa shati la kawaida. Kola niliiacha nyumbani kwa makusudi, kwa sababu nilijijua. Nilijua ningeitumia kama rungu.

Dukani tulikuta wateja wawili. Tukasubiri waondoke. Nikaweka pedi iliyobanduka juu ya kaunta, na boksi lake kando. Fundi akaeleza, taratibu, bila matusi. Nikamweleza habari ya kona za Soni na nyuzi tatu za yule mama. Kijana alisikiliza akiwa ameinamisha macho. Kisha akainua uso akasema neno ambalo nilikuwa nikiliogopa tangu siku ya mwanasheria:

"Nionyeshe risiti."

Nikatoa kikaratasi. Akatabasamu kidogo. "Hiki si changu, hakina jina. Na risiti wewe mwenyewe uliikataa, Mchungaji. Ulitaka tumnyime serikali, sasa unataka haki?"

Fundi akanitazama. Hakuwa na habari hiyo. Hata wazee wa baraza hawakuwa na habari hiyo. Nilikuwa nimewaambia kwamba nimepunguziwa bei.

Wapendwa, nimehubiri mara nyingi juu ya ungamo, lakini sijawahi kuona neno likiwa gumu kutoka mdomoni kama pale. Akili yangu ilikuwa imeshaandaa majibu. Kila mtu hufanya hivyo. Nilikuwa naokoa fedha za kanisa. Wewe ndiye uliyependekeza. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Sheria inamtaka muuzaji atoe risiti na mnunuzi aidai. Kodi ile ndiyo inayotengeneza barabara ninayoshukia na inayolipa wauguzi waliomshona yule mama. Nilikuwa nimeweka mkono wangu kwenye mfuko wa jirani zangu wote kwa mara moja, na nikajisifu.

Nikasema, "Ni kweli. Siku ile nilikosa, na sikuja kukuficha hilo. Nitalieleza kanisani kwangu. Lakini kosa langu halifanyi breki hii iwe nzima."

Kwenye duka la jirani alikuwepo mzee wa makamo ya baba yangu, amevaa kanzu na kofia, aliyekuwa anasikiliza tangu mwanzo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, akaja, akaishika ile pedi, akaigeuzageuza. Akamwambia kijana kwa sauti ya chini kwamba hata katika Kurani kuna sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja watu vipimo, na kwamba riziki ya namna hiyo haijengi nyumba. Akamaliza: "Mlipe mgeni wako, mwanangu."

Kijana akakaa kwenye kiti. Akatueleza kwamba mzigo ule aliuchukua kwa mtu mwingine kwa bei ya chini, kwa mkopo, na kwamba alihisi kuna kitu hakiko sawa lakini hakutaka kuuliza. Nilimwelewa. Mimi pia nilikuwa nimeona bei ya chini na sikutaka kuuliza.

Akatoa 200,000 kutoka kwenye droo. Iliyobaki tukakubaliana ailipe kwa simu kwa miezi miwili, tukaandika karatasi, yule mzee na fundi wakaweka sahihi kama mashahidi. Kisha nikamuuliza jambo ambalo ndilo lililonipandisha basi: "Na yale maboksi mengine?" Akayatazama kwa muda. Akayateremsha manne kutoka kwenye rafu, akayaweka chini ya kaunta. Nikamwambia wazi kwamba nikisikia yamerudi juu, nitakwenda Tume ya Ushindani, na kwamba nitafanya hivyo bila chuki. Akasema amesikia. Sijui yalikwenda wapi baada ya sisi kuondoka.

Mwezi wa kwanza alituma 100,000. Mwezi wa pili hakutuma kitu. Nilimpigia mara tatu. Mara ya tatu alisema biashara imelala na mtoto anaumwa. Nilimuuliza jina la mtoto, nikamwombea palepale kwenye simu, na nikamkumbusha kwamba deni bado lipo. Yote mawili niliyasema kwa moyo mmoja. Baadaye alituma 50,000. Hizo 70,000 zilizobaki sijazipata mpaka leo.

Mbele ya baraza la wazee nilieleza yote, pamoja na habari ya risiti. Kulikuwa na kimya kirefu. Nikaomba zile 70,000 nizilipe mimi, na nikazilipa. Mzee yule wa barabara ya Soni ndiye aliyevunja ukimya. Alisema, "Mchungaji, sisi nasi tulipenda bei ile. Hakuna aliyeuliza." Siku hiyo tuliandika katika kumbukumbu za kikao kwamba hakuna malipo ya usharika yatakayopitishwa bila risiti halali, hata kama ni ya msumari mmoja. Spea mpya zilitugharimu zaidi, na akina mama walirudi tena kwenye maharage yao. Hilo linaniuma bado.

Nimewahi kuulizwa kama safari ile ilikuwa na faida, ukitoa nauli ya watu wawili na uchovu. Kwa hesabu za mhazini, faida ni ndogo. Lakini Zakayo hakumwambia Bwana kwamba amejisikia vibaya. Alitaja kiasi atakachorudisha. Toba yenye afya ina tarakimu ndani yake, na anayemdai jirani yake kwa haki, bila kumtukana na bila kumfichia kosa, anamfungulia mlango wa toba hiyo. Nilikwenda Kariakoo kuufungua mlango huo kwa kijana mmoja, nikakuta na mimi natakiwa kupita humo.

Mwaka huu vijana wa kipaimara walipomaliza kunitajia wezi wao wa kuku na simu, niliwaambia habari hii yote. Binti mmoja wa nyuma akainua mkono. "Mchungaji, kwa hiyo mwizi alikuwa nani?" Nikamwambia tulikuwa wawili, na kwamba mmoja wao ndiye anayewafundisha. Hawakucheka. Wakafungua Katekisimo zao, tukasoma.

Bwana atupe ujasiri wa kudai kilicho haki, na unyenyekevu wa kurudisha kisicho chetu. Amina.