Spoki Moja

Mwalimu mmoja wa skuli, kaskazini ya Pemba, alikuwa na pikipiki ndefu ya magurudumu ya spoki, ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya njia mbovu. Kila siku ya masomo alitoka nayo Konde alfajiri, akaupita msitu wa Ngezi kuelekea Makangale, na nyuma yake akimpakia binti yake wa mwisho, aliyekuwa akisoma darasa la nne. Wenye kuzijua njia za mashamba za kisiwa hiki hawahitaji kuelezwa: mizizi, mchanga, na udongo ambao masika yakishuka huteleza kama sabuni.

Siku moja alisikia mlio mdogo chini yake. Akashuka, akaiona spoki moja ya gurudumu la nyuma imekatika pale inapojipinda kuingia kitovuni, mahali ambapo kutu ya hewa ya bahari ilikwisha kula. Akaipima hasara: moja kati ya 36. Akaizungushia kwenye jirani yake isije ikanasa mnyororoni, akapanda, akaenda zake. Msimu wa karafuu ulikuwa mbali, na mshahara ulikwisha gawiwa kabla ya kumfikia mkononi.

Baada ya wiki tatu, katika mteremko wa msituni, gurudumu liliyumba na pikipiki ikalala. Mtoto alichubuka kiwiko, wala hapakuwa na kubwa zaidi ya hilo. Lakini aliinuka, akajipangusa, akauliza, “Baba, umeumia?” Mwalimu hakupata jawabu.

Alipolifikisha gurudumu kwa fundi, mzee aliyekwisha zeekea kazi hiyo, spoki zilizokatika zilikuwa nne.

“Ya kwanza imekatika lini, mwalimu?”

“Yapata wiki tatu, mzee wangu.”

“Basi hiyo ilikatika. Hizi tatu umezikata wewe.”

Kisha akamfahamisha bila ya ukali. Spoki ni nyembamba. Haiwezi kuusimamia mzigo kama nguzo. Kazi yake ni kuvuta. Zote huvutana baina ya kitovu na rimu, na kuvutana huko ndiko kunakoliweka gurudumu katika uduara wake. Moja ikiondoka, jirani zake huichukua kazi yake juu ya kazi yao, na kila shimo la njia huzichosha, hata nazo zikatike.

Mzee akaufungua mpira, akautoa na mpira wa ndani. Akatia spoki mpya, za urefu na unene ule ule, kila moja akiipitisha juu na chini ya wenzake kama ilivyopita ya awali. Hakuikaza hata moja kwa mara moja. Alizungusha nati robo kwa robo, akihama upande hadi upande. Alifunga kipande cha waya karibu na rimu, akalizungusha gurudumu taratibu: likiegemea kulia, alizikaza kidogo za kushoto na kuzilegeza za kulia. Ncha zilizozidi akazisaga kwa tupa, zisije zikautoboa mpira wa ndani. Mwisho akazigonga zote kwa spana, moja baada ya moja, ameinamisha kichwa. Iliyokazwa sawa hulia. Iliyolegea hutoa sauti ya kufa.

Mwalimu alisimama akisikiliza. Yeye ni mwalimu wa Kiswahili, katika kisiwa cha akina Kamange na Sarahani, na kwa miaka mingi alikuwa akiwakata watoto wa watu alama kwa mshororo wenye mizani 15 mahali pa 16. Hakuwahi kumkubalia mwanafunzi hata mmoja aliyemwambia kwamba moja si kitu.

“Uirudishe baada ya siku chache,” mzee alisema. “Spoki mpya hulegea kidogo, mpaka zizoeane.”

Aliirudisha. Na tangu hapo, kila alfajiri kabla ya kuondoka, huzigonga spoki za mbele na za nyuma, huku binti amesimama kando na mkoba wake akihesabu kwa sauti. Gurudumu sasa huzunguka bila ya kuyumba. Hata hivyo, wakiufikia mteremko ule wa msituni, mtoto huacha kuzungumza, akamshika baba yake kwa mikono miwili.