Mwanangu si kadi ya kuhamishwa kila msimu

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Sikutarajia hata siku moja kwamba mchezo wa video, ambao nimeuita upuuzi mara nyingi mbele ya jamaa zangu, ungekuja kunisuta kuhusu namna ninavyomlea mtoto.

Ilikuwa likizo ya Desemba mwaka 2022, nyumbani kwetu Suneka, nje kidogo ya mji wa Kisii. Mwanangu alikuwa amemaliza kidato cha pili. Shule yake ya kwanza, huko Nyamira, haikuwa na jina kubwa. Baada ya mwaka mmoja nilimtoa nikampeleka kwenye shule iliyosifika kwa alama za juu. Huko alishuka. Aliyekuwa wa 9 darasani akawa wa 41. Nami nilikuwa nimekwisha kumtafutia nafasi katika shule ya tatu, yenye sifa kuliko hiyo ya pili. Nilikuwa nikingoja tu siku nzuri ya kumwambia.

Jioni moja mvua ilinifungia nyumbani, nikamkuta sebuleni akicheza FIFA 23 kwa mashine kuukuu aliyopewa na mjomba wake. Mimi ni shabiki wa Shabana tangu ujana wangu, kwa hiyo mpira haunipiti. Nikaketi, nikamwuliza anapangaje timu.

Akanieleza kwamba kila mchezaji ni kadi yenye alama zake, na unakusanya kadi hizo hadi utimize kikosi cha wachezaji 11. Nikamwambia aniachie nipange. Nikaokota kadi zenye alama kubwa kuliko zote alizokuwa nazo: Mbrazili mmoja, Mjerumani mmoja, Mhispania mmoja, kila mtu na ligi yake. Kiungo mmoja stadi nilimweka nyuma, maadamu alama zake zilinipendeza. Mwanangu akatabasamu, akaingia uwanjani na timu yangu dhidi ya mtu asiyemjua, kwa njia ya intaneti. Tulifungwa 5-1.

"Tata, hao hawana uelewano," akasema.

Kumbe mchezo huo una hesabu ya pili. Wachezaji 2 wa klabu moja, au 2 wa nchi moja, au 3 wa ligi moja, huanza kupeana alama za uelewano. Kila mmoja anaweza kufikisha 3, na timu nzima 33, mradi kila mtu acheze mahali pake. Mwenye uelewano huongezewa kasi, shabaha na mengineyo. Asiye nao hapunguziwi kitu, ila hucheza kwa nguvu zake mwenyewe tu. Yule kiungo wangu wa huko nyuma alikuwa na sifuri.

Akapanga kikosi chake, kadi za alama 82 na 83, wengi wao wa ligi ya Ufaransa. Walishinda 2-1.

Nikacheka, nikasema basi alama za kadi hazina maana. Akakataa. "La, Tata. Ukijaza kadi za alama 65 zenye uelewano kamili, utafungwa vilevile. Kazi ni kutafuta pale vyote viwili vinapokutana." Akanyamaza kidogo, macho kwenye skrini. "Mimi huko shuleni nacheza peke yangu."

Msomaji, maneno hayo yalinichoma. Nilikuwa nimeisoma ripoti yake mara nyingi, lakini sikuwahi kumwuliza anakaa na nani mezani. Usiku huo alinieleza. Kule Nyamira alikuwa na binamu yake na rafiki wawili waliosoma pamoja kila jioni, na mwalimu wa hesabu aliyemjua kwa jina. Katika shule ya pili hakuwa na mtu wa kumwuliza swali bila kuchekwa. Shule haikuwa mbaya. Mimi ndiye niliyetazama alama peke yake.

Ile nafasi ya shule ya tatu niliiacha. Mwezi wa Januari 2023 alirudi Nyamira. Hata hivyo sikusahau upande wa pili wa mizani. Shule ile ilikuwa dhaifu katika kemia na fizikia, kwa hiyo nilimtafutia mwalimu wa kumfundisha masomo hayo wakati wa likizo, na binamu yake akawa anakuja naye. Mwaka huohuo wa 2023, Shabana ilirudi Ligi Kuu baada ya kuwa nje tangu mwaka 2006. Tulikwenda pamoja Uwanja wa Gusii, mimi na vijana hao wawili, tukaimba "Tore Bobe" hadi sauti zikakauka.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2024. Hakupata A, nami sitadanganya. Alipata B, na leo anasomea uhandisi wa umeme. La kunifurahisha zaidi ni kwamba akiwa na tatizo hunipigia simu bila kungoja niulize.

Wazazi wenzangu, msiache kuwatafutia watoto shule nzuri. Lakini kabla ya kufunga sanduku, mwulize mtoto atacheza na nani huko. Mimi nilichelewa kuuliza kwa mwaka mzima.