Maji ya Chai: Tatizo si rangi ya maji

Anayetoka Arusha mjini kuelekea Moshi, akishaipita Usa River, hufika Maji ya Chai. Jina limetokana na mto wa hapo, ambao maji yake ni ya kahawia kama chai ya rangi. Mgeni huona rangi hiyo akasita kunywa. Lakini kinachowasumbua wenyeji hakina rangi wala harufu: ni madini ya floraidi.

Dalili huonekana mtu anapocheka. Katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, wengi wana madoa ya kahawia kwenye meno, na mengine yamechimbika. Wakienda kusoma mikoa mingine huulizwa kama hawapigi mswaki. Huko ni kuwaonea tu, maana doa hilo liliingia jino likiwa bado ndani ya ufizi.

Chanzo ni mlima wenyewe. Meru ni volkano, na miamba yake ina floraidi ambayo maji huiyeyusha taratibu yanapopita ardhini. Kwingineko kalisi iliyomo majini huinasa floraidi ikaganda na kubaki chini. Maji ya Meru yana magadi mengi na kalisi kidogo, hivyo floraidi husafiri nayo hadi kwenye ndoo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliruhusu hadi 4 kwa miaka mingi, kisha mwaka 2018 ikashusha hadi 1.5. Baadhi ya vyanzo vya Arumeru huzidi 10, na katika maziwa ya Momela, wanakotua flamingo, hufika mamia.

Kwa mzazi, miaka ya kuangalia zaidi ni tangu mtoto anazaliwa hadi afike miaka 8 hivi, meno ya ukubwani yanapojengeka. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji hayo. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo ni habari nyingine. Ikizidi sana kwa miaka mingi, floraidi huingia hadi kwenye mifupa.

Wengi hukosea kwenye kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haitoki. Maji yakipungua sufuriani, inayobaki huwa kali zaidi. Na magadi ya kulainishia makande nayo huongeza floraidi kwenye chungu.

Jirani tu, Ngurdoto, kipo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, kinachotumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa kama mkaa. Mifupa hiyo huinasa floraidi maji yanapopita. Inafanya kazi, ila huchoka na lazima ibadilishwe. Anayesahau hunywa maji yaleyale ya mwanzo.

Mvua haina shida hiyo. Penye bati na gata, maji ya kwanza humwagwa yasafishe paa, yanayofuata huingia kwenye simtanki. Hayo huwekwa kwa kunywa na kwa uji wa watoto, yakiwa yamechemshwa. Ya bomba yanatosha kufulia na kuogea.