Jumamosi ya Mvua Mlimani

Masika ya mwaka 2014 yaliishukia Dar es Salaam kwa kishindo. Bonde la Jangwani lilifurika, na Barabara ya Morogoro, iliyokuwa imechimbuliwa kwa ujenzi wa njia za mwendokasi, ikawa tope tupu. Ndiyo maana siku yetu ya familia, tuliyokuwa tumeipanga kuifanyia vimbwetani, iliishia darasani.

Kimbweta ni meza ya zege na mabenchi yake, chini ya mti, yanayopoza mapaja asubuhi na kuyaunguza mchana. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamepigia msuli hapo miaka na miaka. Hapo ndipo sisi wa mwaka wa pili na wa tatu tulipokutana kila Jumamosi na wadogo zetu wa kidato cha tatu na cha nne kutoka shule za kata. Kilichotusukuma ni matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa 2012, yale ambayo yalipotangazwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri. Hatukuyataja mbele ya watoto. Tulifungua tu madaftari, tukaanza.

Basi siku hiyo tuliwapokea wazazi kituoni, tukiwa na miavuli minne kwa watu zaidi ya thelathini. Akina mama walijitanda khanga vichwani, viatu mkononi, wakipanda kilima polepole. Tulipofika mbele ya Ukumbi wa Nkrumah, mtoto mmoja wa miaka kama saba aliyefuatana na mama na dada yake alisimama kwenye mvua. Akachomoa noti ya mia tano iliyokunjamana, akaigeuza nyuma, akaangalia paa, akaangalia noti. "Mama, ndilo lenyewe!" Mama yake aliichukua ile noti, akaitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa imepita mikononi mwake kila siku ya biashara. Baadaye mwaka huohuo ikaja sarafu ya mia tano, na noti zile zikaanza kupotea.

Darasani kulinuka chaki, makoti yaliyoloa na, muda si muda, vitumbua. Mama yule alikuwa amevileta kwenye beseni, vimefunikwa kitambaa cheupe, bado vina joto na harufu ya iliki. Mwingine alikuja na chupa mbili za chai ya rangi yenye mchaichai. Tuliamkiana kuanzia mlangoni hadi kiti cha mwisho: shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba. Wazazi walituita walimu, nasi tukainamisha macho, kwa sababu baadhi yao walikuwa na watoto wa kwanza waliotuzidi umri.

Umeme ulikatika kabla ya saa sita. Ratiba yetu ya picha za ukutani ikafa hapohapo. Vijana wakachora drafti juu ya boksi na kuanza kusukumana vizibo vya soda. Bibi mmoja aliyeketi dirishani akaita, "Kitendawili!" na darasa zima likaitika, "Tega!" Kila tuliposhindwa alidai apewe mji, tukampa Tanga, tukampa Tabora, akaikataa yote mpaka alipopewa Bagamoyo, kwao. Mvua nje ilikuwa ukuta.

Kwenye kona ya nyuma alikaa baba mmoja, fundi mwashi, suruali yake ina madoadoa ya saruji yasiyotoka tena kwa sabuni. Binti yake alikuwa mwanafunzi wangu. Jumamosi tatu mfululizo nilikuwa nimemweleza pembetatu mraba kwa maneno yote niliyoyajua, naye ameniitikia "ndiyo, kaka" kwa sauti ya mtu anayetaka niishie hapo. Sasa alimfungulia baba yake daftari, kwa haya, akamwonyesha mchoro.

Mzee aliutazama. "Hii si kona?"

Akatoa mfukoni kamba ya kujengea, akaomba chaki, akapiga magoti pale kuta mbili zilipokutana. Akapima kwa shubiri: sita upande huu, alama, nane upande ule, alama. Kisha akahesabu shubiri kumi kwenye kamba, akaivuta kutoka alama hadi alama. Ikalala sawasawa, haikubaki wala kupungua. "Kona iko sawa," akasema. "Ikipungua au ikizidi, bomoa."

Binti alinyamaza. Nikaona midomo yake ikitembea. Sita mara sita. Nane mara nane. Akachukua chaki mkononi mwa baba yake na kuandika palepale sakafuni: 36, 64, na chini yake, 100.

"Baba, hii ndiyo Pythagoras!"

"Naye alikuwa mwashi?" mzee akauliza, kwa dhati kabisa. "Mimi nilionyeshwa na fundi wangu, mwaka niliofika mjini. Hakuniambia kwa nini inakubali."

Basi binti akamweleza kwa nini. Alichora miraba kwenye pande zote tatu, akiwa amepiga magoti kando ya baba yake, na maneno aliyoyatumia yalikuwa yaleyale yangu ya Jumamosi zote tatu. Kumbe alikuwa ameyapokea. Yalikosa tu mahali pa kusimama. Nilibaki na kitumbua mkononi kimepoa, sikuongeza neno.

Mvua ilikatika jioni. Tuliwasindikiza kituoni, na chini ya taa kumbikumbi walikuwa wameshatoka, mabawa yao yamelala barabarani kama maganda ya vitunguu. Kabla ya kuondoka darasani nilikuwa nimemwona binti akiviringisha ile kamba, akafungua mkebe wake, akaipanga kati ya bikari na rula. Baba yake aliiona pia. Akajipapasa mfuko mtupu, akauacha.