Kutaja na Kutenda

Sisi walimu wa lugha tumezoea kudhani kwamba kompyuta ni shughuli ya wenzetu wa hesabu. Hata hivyo, tulipojifunza pamoja na wanafunzi wetu lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulikuta humo jambo tulihimizalo kila siku: neno likubaliwe mahali pamoja, kisha litumiwe na wote.

Vijana wetu waliandika programu tatu: ya kuingiza alama, ya kupanga madaraja na ya kuchapa ripoti. Kila moja ilikuwa na nakala yake ya fanksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi maalumu, ya kukokotoa wastani. Kanuni ya wastani ilipobadilishwa, nakala mbili zilirekebishwa, ya tatu ikasahauliwa. Ripoti ikamwangusha msichana aliyefaulu. Heri alijihesabia mwenyewe kwa kalamu.

Dawa yake ni hii. Fanksheni na iandikwe mara moja tu, katika faili moja, tuseme wastani.c. Kisha liundwe faili dogo, wastani.h, liitwalo faili la kichwa. Hili hutaja tu: jina la fanksheni, inachopokea na inachorudisha. Programu iihitajiyo huandika juu kabisa #include "wastani.h", na maneno ya faili hilo hunakiliwa hapo. Mwishowe kiunganishi huliambatanisha jina na kazi yenyewe.

Wanaoanza wazingatie mambo mawili. Kwanza, mwili wa fanksheni usitiwe katika faili la kichwa; mafaili mawili yakilijumuisha, kiunganishi kitakuta jina moja limefafanuliwa mara mbili, nacho kitakataa. Pili, faili hilo lizungushiwe #ifndef, #define na #endif, lisije likasomwa mara mbili ndani ya faili moja.

Je, sisi hatuna maradhi hayo hayo? Mwalimu mmoja hufundisha ngeli ya M-WA, wa pili huiita A-WA, wa tatu husema ngeli ya kwanza na ya pili. Mwanafunzi ahamapo shule hudhani amekosa somo, kumbe amekosa jina tu. Yafaa basi chama chetu kiwe na orodha moja ya istilahi, kila mwalimu achote humo, na marekebisho yafanywe humo humo.