Bunduki Isiyo na Shabaha



Juma hili tuliitwa na familia moja ya hapa Mgeta kutoa shauri juu ya urithi. Mzee wao, aliyetangulia mbele ya haki, aliacha bunduki ya kuwindia aliyoimiliki kwa leseni. Kwa desturi ya Kiluguru, ambapo ukoo hufuata upande wa mama, macho ya wote yalimwelekea mpwa wake. Kijana huyo si mwindaji. Anaishi kwa karoti na kabichi. Alitaka bunduki ya mjomba ibaki ukutani kama kumbukumbu, tena alidhani amepata njia ya kuituliza: kuving’oa vile vyuma viwili vya kulengea shabaha. “Padre,” alituambia, “ikishakuwa kipofu itamdhuru nani?”

Kazi yenyewe si ngumu kwa fundi. Chuma cha mbele, kile kijino kilicho karibu na mdomo wa mtutu, mara nyingi hushikwa kwa lehemu, au huchomekwa katika mfereji mwembamba uliochongwa, na hutoka kwa kugongwa ubavuni. Cha nyuma, chenye mkato katikati, huweza kufungwa kwa skrubu. Vikiisha kutoka, mtutu hubaki na makovu mawili, basi.

Lakini hebu tutafakari. Vyuma hivyo havisukumi risasi. Nguvu imo katika baruti, nayo haihitaji kuona ili ilipuke. Kinachoondoka ni uwezo wa mshikaji wa kuamua risasi iende wapi na, jambo ambalo kwetu ni zito zaidi, isiende wapi. Mwindaji wa kweli huweka jicho lake, mkato wa nyuma, kijino cha mbele na mnyama katika mstari mmoja. Na katika kutazama huko kwa utulivu aweza kutambua kwamba kilichotikisa majani si nguruwe mwitu bali ni mama aliyeinama akikata kuni. Kwa hiyo kilengeo ni chombo cha kuua, naam, lakini pia ni chombo cha kuacha. Kijana alikuwa anataka kuondoa sehemu pekee ya bunduki inayoweza kusema “hapana”.

Wale waliosoma Maandiko kwa lugha za asili wanajua kwamba neno la Kiebrania tunalolitafsiri “kutenda dhambi” lina maana pia ya kukosa shabaha. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 20, neno hilo linatumika kwa watu 700 wa Benyamini, wenye kutumia mkono wa kushoto, ambao waliweza kulenga unywele kwa kombeo wasiukose. Twaomba msiishie hapo katika kusoma. Watu hao wenye shabaha ya ajabu walikuwa vitani kuwatetea wahalifu wa Gibea, waliomtendea mwanamke unyama hadi akafa. Jiwe lilifika lilikotumwa. Waliolituma ndio waliokosa.

Turudi kwa familia yetu. Dada wa marehemu, mama mzazi wa kijana, alikuwa na uchungu wa namna nyingine. Kwake, kuing’oa bunduki macho ni kumvunjia heshima kaka yake, aliyewalinda majirani dhidi ya nguruwe waliofukua viazi. Tulimwelewa. Wala hatukubaliani na wanaodhani kila mwindaji wa zamani alikuwa mharibifu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaruhusu wanyama watumike kwa chakula, na inakataza kuwatesa au kuwaua pasipo haja. Misitu iliyo juu yetu imo katika hifadhi ya mazingira asilia ya Uluguru tangu mwaka 2008, na humo bado yumo minde, paa wa milimani aliye hatarini kutoweka. Enzi za mzee yule hazirudi. (Na tusisahau kwamba jirani zetu wanaishi katika kata iitwayo Bunduki, nao ni watu wa amani kabisa!)

Kuhusu sheria, tulisema wazi. Leseni ni ya mtu, si ya ukoo. Haihami kwa mpwa pamoja na shamba. Silaha ya marehemu ifikishwe polisi, na anayetaka kuimiliki aombe kibali chake mwenyewe kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi. Kuikatakata au kuibadili sehemu zake kwanza ni kujitafutia matatizo.

Baada ya kimya kirefu mama yule aliuliza swali moja tu: je, polisi wataipokea ikiwa nzima, kama kaka yake alivyoiacha? Tukamjibu kwamba ndivyo inavyotakiwa. Akaomba aifute vumbi kwanza.

Tunaambiwa ziko nyumba nyingine zenye urithi wa namna hii, hata magobore yaliyofichwa darini. Wenye nazo waje tuzungumze baada ya Misa ya Jumapili, nasi tutawasindikiza kituoni. Silaha zenyewe, tafadhali, msije nazo kanisani.