Amana ya Kwanza Iko Wapi?

Msikiti wetu una nyumba ya wakfu, na kodi ya vyumba vyake ndiyo inayolipia umeme na posho za walimu wa madrasa. Mwezi wa Shaaban ulimalizika mkataba wa mpangaji mmoja, mama mjane, fundi cherehani, aliyekaa humo na wanawe miaka minne bila kuchelewesha kodi.

Kamati tulikuwa tumepitisha kwamba kila anayehuisha mkataba aongeze amana: badala ya kodi ya mwezi mmoja, shilingi 80,000, aweke ya miezi mitatu, shilingi 240,000. Hoja yetu ilikuwa na uzito. Mpangaji wa chumba cha jirani alihama usiku, akatuachia deni la maji na mlango uliovunjika. Mali ya wakfu si yetu, na tukizembea kuilinda tutaulizwa.

Tulimpelekea barua. Baada ya sala ya Alasiri alikuja ofisini, barua ameifunga katika pindo la kanga. Hakulalamika.

"Ustadhi, sikatai kuongeza," alisema. "Lakini ile elfu themanini niliyoweka mwanzo, ipo?"

Tulifungua daftari. Katika maandishi ilikuwemo. Katika sanduku haikuwemo. Mwaka uliotangulia pampu ya kisima iliharibika, nasi tukazichukua amana za wapangaji wote kununulia nyingine, kwa nia ya kuzirudisha. Nia ikabaki nia. Lau mama yule angehama siku ile, tusingekuwa na cha kumpa.

Aya ya 58 ya Suratun-Nisaa, inayoamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe, tumeifasiri darsani mara nyingi. Pampu ilimnufaisha kila mtu, lakini fedha ile haikuwa yetu kuitoa. Tulimshuku mjane kwa kosa la mtu mwingine, ilhali kosa letu wenyewe lilikuwa limelala daftarini.

Kikao kilichofuata kilikuwa kizito. Mzee wetu mmoja alihofu kwamba tukirudi nyuma wapangaji watatudharau. Mwishowe tuliafikiana: amana ibaki ya mwezi mmoja, zilizotumika zirudishwe kabla ya matumizi mengine, ziwekwe katika akaunti ya peke yake, na siku ya kuingia, pande zote mbili zitie saini orodha ya hali ya chumba, milango yake na mabomba yake. Tunaamini orodha hiyo italinda wakfu kuliko wingi wa fedha.

Enyi ndugu zetu mnaopangisha vyumba majumbani mwenu, kabla ya kudai amana kubwa zaidi, itazameni kwanza ile mliyokwisha kukabidhiwa.

Na waumini waliotuuliza kwa nini msikiti haukupakwa rangi kwa ajili ya Ramadhani, sababu ni hiyo. Fedha ya rangi tuliirudisha kwa wenyewe. Allah (S.W.) atusamehe tulipokosea, na atuwafikishe katika yaliyobaki.